Dorkasi Tunaenda Ruma

Jumamosi, 6 Julai 1996

Jua limezama, Sabato imeisha, naweza kushika kalamu. Mdomo huu wangu! Siku moja utanizika nikiwa mzima.

Baada ya ibada tulibaki akina mama wa chama cha Dorkasi kupanga matembezi ya mwaka. Kila mwaka ni yale yale: tunawatembelea wagonjwa, tunawapelekea sabuni na sukari, tunarudi. Lakini kabla ya hayo mwenyekiti wetu Jedidah akasimama kutueleza, bila kuulizwa na mtu, kwamba binti yake Cate amepandishwa cheo huko benki Kisumu na sasa anakalia kiti kinachozunguka. Akazunguka kidogo hata yeye mwenyewe ili tuelewe vizuri. Akina mama wakasema amina. Amina ya kiti!

Nikajikuta nimesimama. Nikasema, "Na Duke wangu, afisa wa wanyama kule Ruma, amesema Dorkasi wote twende. Atatuonyesha mbuga yake."

Vigelegele! Filister, rafiki yangu anayeuza visamaki vya omena kando ya ndizi zangu pale sokoni, akanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka.

Duke hajasema kitu kama hicho. Duke hajui.

Na hilo la afisa. Haya, hapa hakuna mtu wa kusoma isipokuwa mimi, kwa hivyo niseme. Kazi ya Duke ni mbung'o. Anatega mbung'o bonde la Lambwe, ndani ya mbuga na pembeni yake, akiwa pamoja na watu wa utafiti. Lakini sijadanganya. Mbung'o ana roho, anatembea, anauma. Si ni mnyama? Sikutaja tu ukubwa wake.


Jumapili, 7 Julai

Filister alikuja kunywa chai, kumbe alikuja kuangalia picha ya Duke ukutani. Akasimama mbele yake kama mtu aliye mbele ya daktari.

Ni picha nzuri, nisiwe mnyonge. Duke amevaa kaki, nyuma yake Land Rover, kofia imekaa upande. Sura ya marehemu baba yake, urefu wa kwetu Kisii. Nimeitia kwenye fremu ya dhahabu na kitambaa cha kufuma juu yake.

Ila nimeikunja. Sehemu ya chini yote iko nyuma ya fremu. Kule chini Duke ameshika chupa kubwa ya kitu cha manjano, na mgongoni mwa picha aliandika kwa mkono wake, "Mimi na mkojo wa ng'ombe, kazini." Sasa mtoto niliyemsomesha kwa ndizi mpaka kidato cha nne, huyo ndiye nimtundike ukutani na chupa ya mkojo?

Filister akauliza, "Min Duke, simba wako huko?" Wenyeji hapa Homa Bay ndivyo wanavyoniita, min Duke, mama yake Duke; jina langu Nyamoita wamelisahau.

"Simba? Watakuchosha!" nikamwambia. "Wengine wamelala barabarani, mpaka uwapigie honi."

Sijawahi kufika Ruma. Honi nilitoa wapi?


Jumatano, 10 Julai

Leo nimemshinda Jedidah! Kwa kura, mchana kweupe!

Ilikuwa habari ya yunifomu. Yeye alitaka manjano. Nikasema manjano ya nini, tutaonekana kama nzige. Akaniuliza basi wewe unayejua Ruma unataka rangi gani. Hapo ndipo nikatoa hoja yangu. Kwenye ile picha, kando ya Land Rover, kuna kitambaa kimetundikwa kwenye mti, bluu safi, inayowaka. Nikawaambia hiyo ndiyo bendera ya mbuga. Nikasema mgeni mwenye heshima huvaa rangi ya mwenyeji wake. Maneno yalinitoka matamu mpaka mimi mwenyewe nikayaamini.

Bluu kura kumi na nne, manjano saba. Jedidah alifunga mkoba wake mara mbili, na haukuwa umefunguka.

Tumenunua jora zima. Susana fundi anashona: mikono mirefu, kola nyeupe, mkanda. Mimi nimewekewa na lastiki, maana mwili wangu ni wa watu wawili wenye heshima.

Nimemwandikia Duke barua pia. Nimesema tunakuja Jumapili ya tarehe 11 Agosti, watu ishirini na mmoja, atayarishe simba.


Jumamosi, 13 Julai

Leo kikao kiligeuka mahakama. Baadhi ya akina mama walitaka safari iwe siku ya Sabato yenyewe. Hoja yao: kuona viumbe vya Mungu ni ibada. Twiga ni mahubiri, punda milia ni wimbo. Mzee wa kanisa, Kerosi, akawasikiliza mpaka mwisho, akauliza: na pale langoni mtalipa kiingilio kwa wimbo? Kununua ni kununua, hata ukinunua twiga. Kwa hivyo ni Jumapili kama nilivyosema. Mimi huwa nasema sawa, shida ni wakati nasema.

Gari limepatikana. Wangwe, yule Mkuria anayeleta ng'ombe kutoka Migori, atatupa lori lake. Jedidah akakunja pua: "Tukaonekane tunapelekwa mnadani?" Wangwe, kama hakusikia, akasema lori lake limebeba ng'ombe bora kuliko watu wengine.

Nilicheka peke yangu mpaka nyumbani.


Alhamisi, 18 Julai

Barua ya Duke imefika. Mistari minne tu. Mama mpendwa, salamu. Nimepata yako. Tafadhali msifanye chochote kwanza. Nitakuja mwisho wa mwezi tuongee.

Tuongee! Nimeisoma mara tatu. Lakini labda ameoa? Labda amepandishwa cheo na anataka kuniambia kwa mdomo?

Gauni langu liko tayari. Nimelivaa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, nikatembea kutoka dirishani hadi jikoni. Ukweli usemwe, nimekuwa kama tangi la maji la wilaya. Lakini tangi lenye kola!


Jumapili, 28 Julai

Nitaandika yote, hata yale yanayoniuma.

Duke alifika saa nne asubuhi kwa baiskeli, amekonda, amechomwa na jua. Nilikuwa nimeshavaa gauni ili alione. Nikajizungusha katikati ya sebule kama kile kiti cha Cate.

"Mama, hii ni nini?"

"Yunifomu ya safari. Wote ishirini na mmoja. Sema ukweli, si nimependeza?"

"Umependeza," akasema. Halafu mdomo ukaanza kumtetemeka. "Nani alichagua bluu?"

"Mimi! Kwa kura!"

Akakaa chini. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Nami nikacheka, maana kicheko cha mtoto wako hakingoji sababu. Alipopata pumzi akanieleza. Mbung'o hakuna rangi anayoipenda kama bluu. Akiiona kutoka mbali anakuja mbio. Ile iliyo kwenye picha si bendera ya mtu, ni mtego. Wanaweka kitambaa cha bluu cha kumwita, cheusi cha kutua, juu yake wavu wa kumfungia. Na pembeni ile chupa, mkojo wa ng'ombe uliokaa siku nyingi, kwa sababu anaufuata kwa pua.

Sikuwahi kumwuliza. Miaka mitatu yuko huko! Nilidhani mbung'o hutegwa kama panya.

"Na mnakuja na gari gani?" akauliza.

Nikasema pole pole, "Lori la Wangwe. La ng'ombe."

Duke akalala kabisa kwenye kochi, miguu juu. "Mama! Bluu ishirini na moja, ndani ya lori linalonuka ng'ombe! Mimi nina mitego mia mbili Lambwe. Hakuna hata mmoja unaofikia huu wenu!"

"Na simba wakitusogelea?"

"Ruma hakuna simba, Mama."

"Hata mmoja?"

"Hata wa kuazima. Kuna korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe za kurudi nyuma. Nchi hii yote hapatikani pengine ila hapo. Kuna twiga, nyati, punda milia, kongoni."

Tulikuwa tunacheka vizuri. Ningetaka siku iishie hapo.

Aliinuka kunywa maji, akaiona ile fremu. Alifurahi kwanza. Halafu akaitazama tena. Akaitoa ukutani, akafungua mgongo wake, akakunjua picha taratibu mpaka chupa ikatokea. Mkunjo ulikuwa umeshachora mstari mweupe juu ya mikono yake.

Mimi nikaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

"Umewaambia mimi ni nani, Mama?"

"Nimewaambia uko Ruma."

"Kama nani?"

"Kama afisa," nikasema. "Afisa wa wanyama." Nikaongeza na ile hoja yangu kwamba mbung'o pia ana roho. Mara ya kwanza niliiandika ilinichekesha. Leo haikumchekesha mtu.

Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba katika boma analokaa kule Lambwe kuna bibi mmoja aliyewahi kuugua malale, akawa analala hata chakula kikiwa mdomoni, karibu wamzike. Sasa analima. Kila asubuhi akipita na baiskeli, bibi huyo anasimamisha jembe na kumwita daktari. "Mimi namwambia si daktari, bibi, mimi ni mtu wa mitego. Hataki kusikia. Na wewe nakuambia mimi ni mtu wa mitego, wewe pia hutaki kusikia. Lakini yeye anajua ninachofanya."

Nikavipanga vile vikombe upya.

Akaikunja picha tena palepale penye mkunjo wangu, akairudisha kwenye fremu, akaitundika. Akainyoosha isiende upande. Akasema, "Njooni. Usiwavunje moyo akina mama. Nitaongea na askari wa langoni awatembeze. Mimi siku hiyo nitakaa upande wa mitego ya mbali. Na kama mtapita karibu, nitageuka mgongo, hawatanijua."

Na mimi nikasema asante.

Nikasema asante! Nikamfungia ndizi na karanga akaondoka.


Jumatatu, 29 Julai

Sokoni. Filister aliuliza Duke alisemaje. Nikasema ametukaribisha sana.

Ndizi ziliiva kupita kiasi. Nilikuwa natazama mahali pengine.


Jumamosi, 3 Agosti

Ilibidi niwaambie wasivae bluu. Siku sita nimetafuta njia. Nilifikiria kusema nimeota. Nikaona Mungu ataniangalia vibaya.

Nikasimama. Nikasema gauni zetu ni nzuri mno, tuziweke kwa ajili ya makambi ya kanisa, huko Ruma tuvae nguo kuukuu za rangi ya majani makavu, kwa sababu mbung'o hupenda bluu.

Kelele! Susana fundi akasema mgongo wake unamuuma kwa ajili ya vifungo vya watu ishirini na mmoja, na sasa ati nzi. Mwingine akauliza kama manjano ingekuwa na shida. Nikasema sijui. Jedidah akasema yeye anajua: manjano haingekuwa na shida.

Kisha akanigeukia, tabasamu lote la meno. "Lakini min Duke, haya ya nzi umeyatoa wapi?"

"Duke ameniambia."

"Afisa mkubwa wa simba na nyati? Nzi wanamhusu nini?"

Hapo. Mlango ulikuwa wazi hapo, Nyamoita! Watu ishirini wanakutazama. Neno moja tu: ndiyo kazi yake. Nilifungua mdomo, huu ambao haujawahi kuninyima neno hata siku moja, na ukasema, "Afisa hujua kila kitu."

"Amina," wakasema.

Jedidah amesema yeye atavaa bluu yake. Amelipa fundi, hawezi kutishwa na nzi.


Alhamisi, 8 Agosti

Leo tumeosha lori kule ufukweni, mimi, Filister na makarai manne. Sabuni ya unga, majivu, majani ya ndimu, kila kitu. Wangwe amekaa juu ya jiwe amenuna. Ati ng'ombe wake hawanuki, ni sisi tunaonuka sabuni. "Mama, ng'ombe ni utajiri. Kwetu kijana akinuka hivi anapewa mke."

"Basi mke wake alikuwa na mafua," Filister akamjibu. Wangwe akacheka mpaka akashuka kutusaidia kusugua.

Tulipopumzika Filister akanivuta pembeni. Mimi najua anaponivuta hivi si umbea. Akasema, "Dada, tangu Duke aje hujajisifu. Siku kumi na moja. Nimehesabu. Una homa?"

Nikasema ni uchovu.

"Hata ukiugua wewe hujisifia dawa," akasema. Akanitazama sana, lakini akaniacha. Filister si mtu wa kukugongea mara mbili.


Jumapili, 11 Agosti

Asubuhi mapema. Lori limejaa. Viti tumeazima vya kanisani. Nimevaa gauni la rangi ya udongo, naonekana kama kichuguu. Jedidah amekuja na bluu, kola nyeupe, mkoba, na mwavuli. Sina neno, amependeza. Wengine wanaimba. Mimi ni katibu, nimepewa kazi ya kuandika kila mnyama kwa ajili ya ripoti, kwa hivyo hakuna atakayeshangaa nikiwa na daftari hili.


Langoni. Askari aliyetupokea anaitwa Chrispine, kijana mpole, bunduki begani. Jedidah akashuka kwanza, kwa vile ni mwenyekiti. Nikamsikia wazi: "Sisi ni wageni wa afisa Duke Omanga, mkuu wa hapa. Mama yake ndiye yule pale."

Niliomba ardhi ipasuke, lakini nilikuwa juu ya lori.

Chrispine akanitazama. Akavua kofia. Akasema, "Karibu, Mama. Duke tunamjua sana. Bila yeye sisi hatungekaa hapa."

Vigelegele! Filister akanipiga bega. Lakini niliona macho ya huyo kijana. Hakuongeza, hakupunguza. Amefundishwa. Duke alikuja hapa kwa baiskeli, akamwomba mwenzake anifichie aibu, na aibu yenyewe ni yeye.


Ndani. Twiga saba. Wa kwanza alitutazama kutoka juu ya migunga, Filister akamsalimia kwa Kijaluo, twiga akatafuna tu, Filister akasema huyu ana mambo ya watu wa Nairobi. Kongoni, kundi. Swala pala wengi, nimeacha kuhesabu. Korongo mbali, watatu, shingo kama farasi. Wote wakasimama kwenye viti. Hakuna aliyeulizia simba.

Mimi natafuta kitambaa.

Nimeviona vitatu mpaka sasa. Vinaning'inia kwenye nyasi, safi, vimenyooka, nyasi zimefyekwa kuzunguka kila kimoja kama mtu amefagia kaburi la mzazi. Nani angejua kazi ya nzi ina unadhifu hivi? Kijana wangu huyo. Nyumbani alikuwa hatandiki kitanda.


Mbung'o wamempata Jedidah. Wanne kwa mpigo, mgongoni! Aliruka mpaka mwavuli ukafunguka wenyewe. "Yawa! Ni sindano ya moto!" Sisi wengine tumeumwa mara moja moja tu. Tumemfunika leso ya Susana, amekaa katikati kama mgonjwa. Nilidhani nitafurahi. Nimempaka mafuta mgongoni, nikaona jinsi ngozi inavyovimba haraka, nikafikiria mtu anayefanya kazi hapa kila siku, miaka mitatu, na katika barua zote alizoniandikia hajataja hata kuumwa mara moja. Au alitaja? Mimi nilisoma nini?

Susana akamwuliza Chrispine, "Hivi vitambaa ni vya nini?"

Akasema, "Hivyo ndivyo vimewaleta hapa, mama. Zamani ng'ombe wa wenyeji walikuwa wanaisha, watu wanalala hawaamki. Sasa tunaita wageni."

"Nani anaviweka?"

Chrispine akatazama barabara. "Kuna kijana," akasema.

Kuna kijana. Hana jina. Jina lake nimekaa nalo hapa, nimelifunika kwa daftari.


Tumesimama. Mbele kuna kijito, maji yameharibu njia, Wangwe na dereva wake wanatafuta mahali pa kupita. Punda milia kumi na mmoja upande wa kushoto. Chrispine amesema hakuna mtu kushuka, kuna nyati kwenye vichaka vile.

Upande wa kulia, umbali wa kumrushia mtu sauti, kuna kitambaa cha nne. Na mtu.

Amechuchumaa anabadilisha chupa. Baiskeli imelala kando. Alisikia lori, akainua kichwa. Akatuona. Na pale pale akasimama, akageuka, akatupa mgongo. Amesimama hivyo, mikono imeshuka, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Anangoja tupite, na lori halipiti.

Mgongo ule nimeubeba.

Wanaongea. "Mbona yule anatupa mgongo?" "Labda anajisaidia." "Hapana, ametuona, akageuka makusudi." "Watu wa huku hawana adabu, akina mama wazima hawa!"

Jedidah ametoa kichwa nje ya leso. Amemwita, sauti ya mwenyekiti: "Wee kijana! Mama zako wamefika, unawapa mgongo? Mama yako hakukufunza?"

Hajageuka. Ameinamisha kichwa tu.

Wanacheka. Filister hacheki. Ananitazama mimi, halafu yule, halafu mimi.

Nimesimama. Naandika nikiwa nimesimama, herufi zinacheza. Mguu mmoja uko juu ya ukingo wa lori. Chrispine ameona, amekuja upande huu wa lori, ameweka bunduki sawa begani, ananyoosha mkono kana kwamba atanishika nikishuka. Hajanikataza. Jedidah anasema keti chini, min Duke, utaanguka, unakwenda wapi, kuna nyati. Nafunga daftari, nashuka kwa Duke wangu.